Kupima Moyo Nyuma ya Pazia

Kwanza kabisa, futeni mafuta.

Mengine yote nitakayoyasema mnaweza kuyatia shaka, maana hata mie mwenyewe nayatia shaka. Skuli niliishia kidato cha pili, na haya ya moyo nimeyadonoa pembenipembeni kama kuku anavyodonoa chenga za mchele uani. Nyinyi wanangu mnaoanza kazi hii mna vyeti, na kila mshipa mnaujua kwa jina lake la Kizungu. Mliponiomba niandike niliyoyaona katika chumba cha kupimia moyo, nilikaa na madaftari yangu wiki nzima nikiona haya. Lakini hilo la mafuta nina yakini nalo.

Mwanamke wa kisiwa hiki haendi spitali hivihivi. Ataoga, atajipaka mafuta ya nazi, atajifukiza udi, atavaa kanga mpya chini ya buibui, utasema anakwenda kutoa mahari ya mwanawe. Anakulalia kitandani anang'aa kama samaki changu aliyetoka majini. Ukibandika vibandiko vyako juu ya ngozi ile, vitateleza, na mstari wa moyo utapanda na kushuka karatasini kama nguo iliyoanikwa siku ya upepo. Basi chukueni pamba, spirti kidogo, msugue taratibu, na mumwombe radhi huku mnasugua. Hina na piko hazina neno. Hirizi nayo haina neno, mashine haiijali. Iacheni mkononi mwa mwenyewe, sogezeni kibandiko. Nilimwona mzee mmoja aliyelazimishwa kuvua ya kwake. Moyo ulimwenda mbio hata tukadhani tumemgundulia ugonjwa. Aliporudishiwa, ukatulia. Sisemi hirizi ilimponya. Nasema nilichokiona.

Na baridi. Hivyo viyoyozi vyenu vinamtetemesha mgonjwa, na misuli ikitetemeka mstari huota manyasi. Mfunikeni kanga miguuni, mngoje. Kungoja ni nusu ya kazi hii.

Sasa nimejiwekea ahadi kwamba nikiandika ya kujisifu nitaandika na ya kujisuta. Lipo kosa nililolifanya miaka mingi bila kulijua, na kwa sababu yake Bi Mize, mkulima wa mwani wa Makunduchi, alikuwa karibu kuikosa hija yake. Hilo ndilo hasa ninalotaka mlisome. Lakini hamtalielewa mpaka niwaambieni nilivyoingia kwenye chumba kile.

Nilikuwa mhudumu, kazi yangu ndoo na deki. Mashine ya moyo ilikuwa moja, na mpimaji wake mmoja, Mzee Machano, mtu wa Tumbatu, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kukohoa kabla hajaingia chumbani hata kama chumba ni kitupu. Wanaume walimwendea. Wanawake walikuwa wakifika mlangoni, wakimwona, wanageuka. Siku moja bibi mmoja alimwambia mbele ya watu:

"Mwanangu, kifua hiki kakiona marehemu mume wangu tu, naye kwa mwanga wa kandili."

Watu wakacheka. Mzee Machano hakucheka, maana bibi yule alikuwa akihema vibaya. Akatoka ukumbini, akaniona na ndoo yangu.

"Zuhura, unajua kuhesabu mpaka sita?"

"Najua hata zaidi."

"Sita zinatosha. Kanawe mikono."

Ndivyo nilivyopata kazi. Mzee Machano alivuta pazia, yeye akabaki nje na mashine, mie nikabaki ndani na mgonjwa na nyaya. Akawa ananiongoza kwa sauti. "Weka kidole kwenye shimo la koo. Teremka na mfupa wa kidari mpaka ukute kigongo. Pembeni ya kigongo ndipo ubavu wa pili. Hesabu nafasi zilizo chini ya mbavu: ya pili, ya tatu, ya nne. Hapo, kulia mwa mfupa, kikombe cha kwanza. Kushoto, cha pili. Cha nne kiteremshe nafasi ya tano, usawa wa katikati ya mtulinga." Tulikuwa na vikombe vya mpira vya kunyonya siku hizo. Vikitoka viliacha duara nyekundu, na wanawake walizificha kwa waume zao kama waliokuwa na siri.

Alikuwa ameshanionesha pahala pa kila kikombe kwenye kifua chake mwenyewe, shati limevaliwa, kwa kugusa na kalamu. Kifua chake kilikuwa bapa kama sinia. Nilihesabu mbavu zake zote bila taabu. Lakini mgonjwa wangu wa kwanza, bibi yuleyule, alikuwa mama wa watu, na mkono wangu ulipoteremka kutoka nafasi ya pili kwenda ya tatu ulikutana na pasipogusika. Ukapanda juu kidogo. Nikapanga vikombe vyangu hapo juu, palipo wazi, pasipohitaji kumnyanyua mtu kitu.

"Umehesabu?" akauliza Mzee Machano nyuma ya pazia.

"Nimehesabu."

Na kweli nilihesabu. Nikaona nimefanya stara.

Alikuwa mwalimu mzuri, nimpe haki yake. Saa ya chai, mkate wa boflo mkononi, aliwahi kunionesha karatasi ya mtu aliye mzima na kunieleza jinsi umeme unavyopita moyoni. Kila nilichojifunza baadaye nilikitundika kwenye maneno yale.

"Moyo una umeme wake, Zuhura, hauazimi kwa mtu. Juu, upande wa kulia, pana kinundu. Hicho ndicho mwanzilishi. Cheche inatoka pale, inaenea vyumba vya juu. Ndiyo hiki kilima kidogo unachokiona. Halafu inafika mlangoni, katikati ya moyo. Hapo haivamii. Inapiga hodi, inangoja."

"Inangoja nini?"

"Vyumba vya juu vimalize kumimina damu chini. Kitambo kidogo tu, hata jicho hulipepesi. Kisha wenyeji wanaitikia karibu, na cheche inateremka kwa njia mbili, ya kulia na ya kushoto, mpaka chini kabisa, na vyumba vikubwa vinakaza kwa pamoja. Ndio mnara huu. Kile kilima cha mwisho ni moyo unajinyoosha, unajitayarisha tena."

"Na kama hawakuitikia?"

"Basi hodi inarudi ilikotoka, na mtu anaanguka."

Tangu hapo nilikuwa kama niliyepewa makengeza. Jicho moja likiona watu, la pili likiona mistari. Saa nane za mchana, dirisha wazi, upepo wa pwani unalivuta pazia na kuliachia, kalamu ya moto inanong'ona juu ya karatasi ya waridi, na mgonjwa amelala macho yake darini, nilikuwa nikipotelea humo. Nilijiona nimesimama ndani ya nyumba ya mtu, kwenye ukumbi wa juu wenye kiza chekundu, nasikia hodi na karibu, hodi na karibu, na chini milango mikubwa inafungwa kwa kishindo laini. Mzee Machano akiniita mara mbili nisisikie. Nikitoka kazini nikipita vichochoroni kwenda Forodhani kutafuta hewa, namwona mtu kasimama mbele ya mlango wa watu, keshabisha, anangoja huku anaangalia viatu vyake, nami nikisimama pia kumngojea ajibiwe. Watu walidhani nimesahau njia. Sijui kama na nyinyi mnapatwa na hali hiyo. Mkipatwa, msiogope, ila msivuke barabara.

Mzee Machano alipostaafu akahamia Kidichi, shambani kwa mkewe. Mie nikabaki na mashine, wanawake na wanaume pia. Kwa wanaume vipimo vyangu vilikuwa sawasawa, maana niliwapima kama nilivyooneshwa. Pazia likabaki vilevile.

Miaka ikapita, akaletwa Dokta Rukia. Alikuwa kijana, mwenyeji wa hapahapa mjini, mkali wa macho, mwepesi wa kucheka. Ndiye aliyekuwa zamu alipokuja Bi Mize.

Bi Mize alikuja peke yake kutoka Makunduchi kupimwa afya kwa ajili ya hija. Wanawe walikuwa wamemwandikishia, jina lake limo kwenye orodha ya kikundi cha mahujaji, imebaki sahihi ya daktari tu, na orodha ilikuwa inafungwa baada ya siku kumi. Mikono yake ilikuwa imechanikachanika kwa chumvi na kamba za mwani, ngozi ya vidoleni imekunjamana haikunjuki tena. Alizungumza Kimakunduchi chake kwa kasi. Mie namwandika kwa Kiswahili changu cha mjini, na najua nampunguzia utamu.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba. Mashine hiyo inauma?"

"Haiumi."

"Basi ina faida gani? Dawa isiyouma si dawa."

Nikafuta mafuta, nikahesabu, nikabandika. Wakati huo tulikuwa tumeshahamia vibandiko vya karatasi, vikombe tumevitupa. Nikapima kifupi, maana nje foleni ilikuwa ndefu. Karatasi nikapeleka kwa Dokta Rukia. Aliitazama muda mrefu, akamwita Bi Mize, akamwambia kwa upole kwamba moyo wake unaonesha kovu mbele, alama ya shambulio la zamani, na hawezi kumtilia sahihi mpaka apelekwe Dar es Salaam kuchunguzwa.

"Kovu gani?" Bi Mize akauliza. "Mie sijaumwa kifua tangu kuzaliwa."

"Pengine lilipita bila kulijua, bibi."

"Nimezaa saba nikajua kila mmoja alipopita. Hilo ndilo lipite nisilijue?"

Hakupiga kelele. Alikunja buibui yake magotini, mkunjo juu ya mkunjo, kisha akasimama, akaenda zake. Mlangoni alinitazama mie, si daktari. Nimeandika daftarini siku ile: *Bi Mize, kovu. Kasikitika.* Basi. Maneno manne kwa jambo zima lile.

Siku ya pili Dokta Rukia akaingia chumbani kwangu na mafaili mawili mazito.

"Bi Zuhura, nina swali nalo halinipi raha. Mbona wanawake wengi wa hapa wana kovu? Na pahala pamojapamoja? Wanaume hawana."

Nikamwambia pengine ni taabu za ndoa. Alicheka, lakini akafunga mlango.

"Nipime mie."

"Wewe mzima, dokta."

"Ndio maana."

Akapanda kitandani, akavua, akalala. Nikavuta pazia kwa mazoea ingawa nje hapakuwa na mtu. Nikafuta, nikahesabu, nikabandika kama ninavyobandika siku zote, mikono yangu imetulia kwa sababu sikujua. Karatasi ilipotoka nilimpa palepale alipolala. Akainyanyua mwangani.

"Allahu Akbar," akasema. "Basi na mie nina kovu. Moyo wangu nusu umeshakufa na sijaolewa!"

Tukacheka wote wawili, na katikati ya kicheko mie nikaanza kuona. Dokta Rukia hakunigombeza. Alinishika mkono, akauteremsha, akaupitisha pale nilipopakwepa miaka yote, mpaka chini, chini ya ziwa, kwenye ubavu niliokuwa nikiuhesabu kwa mdomo tu bila kuufikia. "Hapa," akasema. "Na hivi viwili vya mwanzo umevipandisha sana, vishushe." Nikambandika upya. Karatasi ya pili ilitoka na minara imekua mmoja baada ya mmoja, mizuri, kama watoto waliopangwa kwa kimo.

Ukipima kutoka juu, mashine inaangalia moyo kutoka pembeni ya paa, haioni ukuta wa mbele ulivyo. Inaandika kwamba hakuna kitu pale, na daktari anayeisoma huona kovu. Haikuwa imesema uongo. Mie ndiye niliyeisimamisha pasipo pake.

Niwe mwadilifu kwa Dokta Rukia pia: alisema mwenyewe kwamba alikuwa ameshasoma makovu yale miezi kadhaa kabla hajauliza. Lakini aliuliza, na waliomtangulia hawakuuliza.

Jumapili yake nilikwenda Kidichi. Mzee Machano alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, anakwangua magome ya mdalasini, na harufu imemzunguka hata salamu yangu ilinuka tamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Zuhura. Umekuja kwa kheri au kwa shari?"

"Sijui. Ndilo lililonileta."

Nikamweleza. Kisu kikasimama.

"Nilikwambia nafasi ya tano," akasema.

"Ulinambia. Hukunambia kuna nini juu yake."

Akakohoa, kama anayetaka kuingia chumba cha watu. "Ningekwambiaje? Neno lile hata mke wangu sijalitaja mbele yake. Nilidhani utajua mwenyewe, wewe mwanamke."

"Na mie nilidhani ungenambia, wewe mwalimu. Nikaona haya kuuliza."

Kuku akapita. Nikasema, "Lile pazia ndilo lililotuponza."

"Pazia usilisingizie. Bila ya pazia wale wanawake wasingepimwa kabisa. Lilifanya kazi yake. Tulioshindwa ni sie wawili, wa huku na wa kule." Akanipa kifurushi cha mdalasini nisichokiomba. "Sasa huyo bibi wa Makunduchi orodha yake inafungwa lini?"

Zilibaki siku tano. Nilimpigia simu mwanawe, na siku ya pili Bi Mize akaja. Kabla hajapanda kitandani nilimwambia kila kitu, nimesimama, mikono nyuma kama mtoto wa chuo cha Kurani.

"Bi Mize, kovu lile si lako. Ni langu mie. Nilibandika pasipo pake."

"Kwa nini?"

"Niliona haya kukugusa."

Alinitazama kutoka ushungi hadi viatu. "Haya ya maziwa haya? Yamenyonyesha saba, na wajukuu wamelilia juu yake, leo yakuogopeshe weye mtu mzima mwenye miwani? Lo! Sogea hapa." Akalala, akalinyanyua ziwa mwenyewe kwa mkono wake. "Haya. Hesabu. Na uhesabu kwa sauti nikusikie."

Nikahesabu kwa sauti. Karatasi ikaanza kutoka, na minara ilikuwa pale yote, imekua kwa kimo, hakuna kovu wala dalili yake. Nilisema alhamdulillah, naye akaitikia macho yamefumba. Wakati ule tulikuwa tukikata vipande vya karatasi kwa mkasi na kuvigandisha kwenye kadi, na kadi ndiyo iliyokwenda kwa daktari. Vipande nilivyovihitaji kwa sahihi nilikuwa nimeshavipata. Lakini safari hii sikutaka kuharakisha tena. Nikaiacha mashine iende.

Na ilivyokwenda nikapotea tena mle ndani, kwenye ukumbi wa kiza chekundu. Hodi, karibu. Hodi, karibu. Kilima, mnara. Kilima, mnara. Kilima, na baada yake karatasi tupu. Kilima tena, peke yake. Karatasi tupu. Halafu mnara, kama mtu aliyeshtuka usingizini.

Nilidhani waya umelegea. Nikakagua nyaya zote, zimeshika. Nikaiacha iende tena, na baada ya muda ikaja vilevile: hodi mbili, hakuna mwenyeji.

Nikasimamisha mashine. Mkasi ulikuwa mkononi. Mnafahamu, wanangu, jinsi ilivyokuwa rahisi? Kukata pale kabla ya karatasi tupu, kugandisha vipande vizuri, na kilichobaki kukikunja mfukoni. Nilikuwa nimeshamdhulumu mara moja. Orodha inafungwa baada ya siku nne. Nani angeuliza?

"Umenyamaza," akasema Bi Mize.

"Napanga karatasi."

"Mtu akinyamaza na mkasi mkononi ama anashona ama ana jambo."

Nikaweka mkasi chini. "Bi Mize, umewahi kuanguka?"

Akavuta kanga yake kifuani. "Mara mbili," akasema. "Kwenye mwani, maji ya magoti. Nilisema nimeteleza. Wa tatu kati ya wanangu alikuwepo, nikamwapisha asiseme." Kisha haraka: "Lakini nilinyanyuka mwenyewe! Makka hakuna maji ya magoti."

"Kuna jua, kuna msongamano, kuna kuzunguka."

"Nataka niangukie huko basi. Kuna pahala bora pa kuangukia?"

Nilimwonesha karatasi, nikamweleza hodi kama nilivyoelezwa mie. Kisha nikaibeba nzima, haijakatwa, inaburutika sakafuni, nikampelekea Dokta Rukia. Naye alimwambia Bi Mize kwamba njia ya umeme katikati ya moyo inakatika, kwamba anahitaji kutiwa betri chini ya mtulinga, kwamba inafanyika Dar es Salaam na ikishatiwa ataishi kama watu. Ila mwaka huu hapana.

Bi Mize alipotoka alisimama mbele yangu. Hakutania tena.

"Mara ya kwanza umenipa ugonjwa nisiokuwa nao. Mara ya pili umenivumbulia nilio nao. Heri hata ile ya kwanza, nilikuwa naweza kuikataa."

Akaondoka. Jina lake likapewa mtu mwingine. Siku walipoondoka mahujaji nilisikia dua kwenye redio ya jirani, nikaizima kwa upande wangu kwa kufunga dirisha.

Mwaka ule nilikuwa na kazi ya kunizuia nisiwaze. Mie na Dokta Rukia tulitoa majina katika madaftari na mafaili, tukawaita wanawake wote niliowaandikia kovu. Wengine hawakupatikana. Wengine walikuwa wameshatangulia mbele ya haki, kwa maradhi gani sijui, na hilo nalala nalo na kuamka nalo. Walioitika tuliwapima upya. Wawili makovu yao yalikuwa ya kweli. Waliobaki hawakuwa na kitu. Bibi mmoja aliyekuwa na meza ya mboga sokoni Mwanakwerekwe aliniuliza swali moja tu. Aliiacha meza ile miaka mitatu, akikaa ndani asinyanyue hata ndoo, kwa sababu ya karatasi yangu. Nilipomaliza kumweleza, alisema, "Kwa hiyo nilikuwa mzima?" Nikasema, "Ulikuwa mzima." Akafunga ushungi wake polepole. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Kwa hivyo nawaombeni: kila mwanzo wa mwaka pimaneni nyinyi kwa nyinyi, wanawake kwa wanawake, mmoja atazame mwenzake anapobandika. Na mwanafunzi akiwajibu "nimehesabu," mwambieni ahesabu tena kwa sauti.

Mwaka uliofuata, msimu wa vyeti vya hija ulipofika, mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Bi Mize. Amenenepa kidogo, na juu ya kifua upande wa kushoto, chini ya ngozi, kuna kitu kama kiberiti.

"Nipime," akasema, "na mara hii ukiona jambo, ulione upesi."

Akalala. Nikafuta mafuta, nikahesabu kwa sauti. Karatasi ikatoka, ndefu, na kabla ya kila mnara palikuwa na kijistari kimesimama wima, chembamba, kimenyooka: betri inasukuma. Haukukosekana hata mnara mmoja. Niliiacha mashine iende mpaka nikaogopa kuimaliza karatasi.

Bi Mize alininyang'anya. Hajui kusoma herufi zetu, lakini msahafu kaukhitimu akiwa mtoto. Akaishika karatasi kwa mikono miwili, akaanzia kulia, kidole kikatambaa juu ya vijistari vilivyosimama.

"Alifu," akasema. "Alifu. Alifu. Alifu."

"Mashine inaandika kutoka kushoto, Bi Mize."

"Iandike itakavyo. Mie nasoma."

Dokta Rukia akaja, akatazama, akatia sahihi palepale juu ya kitanda. Bi Mize akashuka, akavaa, akaomba akatiwe kipande cha karatasi. Nikakata kirefu. Nikamwonya asikiweke juani, kitafifia. Alikikunja mara nne, akakitia kwenye kijimfuko anachokivaa shingoni, pamoja na pasi yake ya kusafiria.

"Utakifanyia nini huko?" nikamuuliza.

"Mwenye Nyumba ile akiniuliza mbona nimechelewa mwaka mzima," akasema, anatafuta viatu vyake chini ya kitanda, "cheti ninacho."